Jinsi ya Kulizoesha Sikio Kutenganisha Irabu Zinazokaribiana

Katika Kireno, babu ni avô na bibi ni avó. Konsonanti ni moja, mkazo uko palepale mwishoni, na kinachowatenganisha wazee hao ni irabu ya mwisho tu: ya babu hutamkwa mdomo ukiwa umefumbwa kidogo, ya bibi mdomo ukiwa umefunguka zaidi. Aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo hawachanganyi hata akiwa na usingizi. Mimi nilipoanza kujifunza niliwasikia wote wawili kuwa "avo", tena bila shaka yoyote, nikaanza kuamini kwamba masikio yangu yana kasoro.

Hayakuwa na kasoro. Tofauti ilifika sikioni vizuri. Iliyoipoteza ni akili, ambayo imezoea kutupa kila irabu katika kapu mojawapo kati ya matano: a, e, i, o, u. Kiswahili hakihitaji zaidi ya hayo, kwa hiyo msemaji wake hana sababu ya kubagua o hii na o ile. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuligawa kapu moja kuwa mawili. Ni kazi ya wiki kadhaa, si ya jioni moja, lakini mtu mzima anaiweza.

Andaa simu yenye kinasa sauti, hedifoni, daftari, na watu wawili watatu wanaoisema lugha unayojifunza. Wakikosekana, kamusi za mtandaoni zenye matamshi ya watu zitakutosha kuanzia.

Hatua ya 1: Yajue makapu yako

Kabla ya kusikiliza chochote kigeni, tazama maneno tuliyoyakopa. Hayo ni kumbukumbu ya jinsi masikio yetu yanavyopanga irabu za wengine. "Bus" likawa basi, "shirt" likawa shati, "card" likawa kadi. Kwa Mwingereza hizo ni irabu tatu mbalimbali. Sisi tukazitia zote katika kapu la a. "Pin" likawa pini na "team" likawa timu: irabu mbili, kapu moja la i. Irabu ya "bag", "fan" na "bank" ikaenda kwenye e, tukapata begi, feni na benki.

Linalonivutia kuliko yote ni hili: "shirt" na "nurse" kwa Mwingereza zina irabu ileile, lakini kwetu moja imekuwa shati na nyingine nesi. Irabu hiyo haina kwao katika Kiswahili. Iko mpakani, na kila ilipobisha hodi ilifunguliwa mlango tofauti. Wala usidhani ni maandishi yaliyotuongoza. "Bus" na "nurse" zote zimeandikwa kwa u, na hakuna aliyesema busi wala nusi. Ni sikio lililoamua.

Sasa lifanye zoezi hilohilo kwa lugha unayojifunza. Chukua orodha ya irabu zake, kila moja na neno la mfano. Mwombe msemaji akusomee maneno hayo kwa kuyachanganya, kila moja mara tano, nawe ukiwa umempa mgongo. Mgongo una sababu yake: mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba macho yanayoona midomo yanaweza kubadilisha hata kile mtu anachoamini amekisikia. Kwa kila neno andika haraka irabu ya Kiswahili unayoiona iko karibu zaidi. Usitafakari, ukitafakari utaanza kukumbuka tahajia.

Ukimaliza, tafuta mambo mawili katika daftari. La kwanza ni irabu mbili ulizoziandika kwa herufi moja kila mara. Hapo ndipo penye kazi nzito. La pili ni irabu moja uliyoiandika a mara hii na e mara ile. Hiyo ni kama ya shati na nesi, na kwa kawaida huchukua muda mfupi zaidi kuizoea, kwa sababu sikio limeshaanza kuitilia shaka. Zile zilizoangukia makapu tofauti bila kuyumba ziache kwa sasa.

Hatua ya 2: Jua unachokitafuta ndani ya sauti

Watu wengi hutega sikio bila kujua wanategea nini, wakachoka. Kinachoitofautisha irabu moja na nyingine si wembamba au unene wa sauti ya msemaji. Mtoto na mzee wanaweza kusema i ileile kwa sauti mbalimbali kabisa. Ni mwangwi wa nafasi iliyo ndani ya koo na kinywa. Ukimimina maji katika chupa unasikia mlio ukipanda kadiri nafasi ya hewa inavyopungua. Kinywa ni chupa inayobadilisha umbo kila ulimi na midomo inaposogea, na kila umbo lina milio yake ambayo wanafonetiki huiita formanti. Miwili ya kwanza ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi.

Unaweza kuisikia kwa mwili wako mwenyewe, na nakusihi usiiruke sehemu hii. Nong'ona polepole, bila kutoa sauti ya koo: i, e, a, o, u. Sikiliza ule upepo. Utasikia kama filimbi inayoshuka kutoka i iliyo juu hadi u iliyo chini. Unachofuatilia hapo ni formanti ya pili, inayoshuka kadiri ulimi unavyorudi nyuma na midomo inavyoviringwa.

Kisha ziba pumzi kooni kama anayejiandaa kunyanyua mzigo. Weka kinywa katika umbo la i, lakini usitamke, na ugongegonge kwa kidole kando ya koo. Utasikia mlio mdogo mzito, kama wa kibuyu. Badilisha umbo liwe la e, halafu a, ukiendelea kugonga: mlio unapanda. Endelea na o na u: unashuka tena. Hiyo ni formanti ya kwanza, na inafuata jinsi mdomo ulivyofunguka.

Nilipofanya hivyo kwa zile o mbili za Kireno, kwa mara ya kwanza nikawasikia babu na bibi wakiachana. Katika mnong'ono, o ya bibi ilikaa upande wa a, na ya babu upande wa u. Kabla ya hapo nilikuwa nikisubiri tofauti kubwa ya kunigonga, kumbe ni mlio mmoja kupanda hatua ndogo.

Ukipenda tarakimu, ziko. Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha vipimo vya irabu za watu 76. Kwa wanaume, wastani wa formanti ya kwanza katika "heed" ulikuwa hezi (mitetemo kwa sekunde) 270, katika "hid" hezi 390, na katika "head" hezi 530. Irabu ya katikati, ile tunayoisikia kuwa i katika pini, karibu imekaa nusu ya njia kati ya jirani zake.

Hatua ya 3: Tengeneza mteremko wako

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote.

Kwenye kinasa sauti, tamka i ya tisa, uivute bila kukata pumzi, na uishushe taya polepole mpaka ufike e ya tesa. Chukua sekunde nne au tano. Usibadilishe wembamba wa sauti. Shikilia noti moja kama mwanakwaya. Kisha sikiliza kwa hedifoni, ukisimamisha kila baada ya kipande kidogo, na ujiulize: hii bado ni i?

Utagundua jambo. Kwa muda mrefu akili itasema "i, i, i", kisha itayumba kidogo, halafu itasema "e" na kutulia. Taya lilishuka polepole, lakini uamuzi wako uligeuka ghafla kuliko taya. Zile i za mwanzo hazikuwa sawa hata kidogo. Ni kapu lililozifanya zifanane.

Makapu hayo hujengwa mapema ajabu. Mwaka 1992 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa miezi sita wa Marekani na wa Sweden kwa kutumia i ya Kiingereza na irabu ya Kiswidi inayotamkwa kama i yenye midomo iliyoviringwa. Kila kundi lilikuwa limeshaanza kuzivuta sauti kuelekea mfano bora wa irabu ya lugha ya nyumbani, kama sumaku inavyovuta vyuma. Watoto hao hawakuwa wamesema hata neno moja. Kwa hiyo usijilaumu: unapambana na mazoea ya tangu kabla ya kumbukumbu zako.

Lakini irabu zina huruma kuliko konsonanti. Dennis Fry na wenzake walipopima irabu zilizotengenezwa kwa mashine, mwaka 1962, waliona kwamba wasikilizaji waliweza kutofautisha hata irabu zilizomo ndani ya kapu moja, jambo ambalo kwa konsonanti kama b na d ni gumu zaidi. Ndiyo maana mteremko unasaidia. Usikilize tena, safari hii usijiulize ni irabu gani. Jiulize tu kama kipande hiki kimefunguka kuliko kilichotangulia. Majibu yatakuja kwa wepesi utakaokushangaza.

Rudia kwa o na u, kati ya choma na chuma. Kisha fanya mteremko mwingine usiohusu taya: shikilia i, ulimi usisogee hata kidogo, halafu viringa midomo polepole kama anayepuliza mshumaa. Mwisho wake ni u ya Kifaransa, ile inayotenganisha "rue", yaani mtaa, na "roue", yaani gurudumu. Wengi hushindwa kuisikia kwa sababu huitafuta katika kapu la u, ilhali ulimi wake unakaa pale pa i.

Hatua ya 4: Anza na jozi moja tu

Chagua irabu mbili, si zaidi, kutoka zile zilizoangukia kapu moja. Tafuta jozi za maneno yanayotofautiana kwa irabu hiyo peke yake, kama wanaisimu wafanyavyo na jozi za mlinganuo finyu. Jozi kumi zinatosha. Mwombe msemaji azirekodi, kila neno mara tatu, bila haraka na bila kulitia chumvi. Ukimwona anaipanua irabu ili kukusaidia, mshukuru na umwombe arudie kwa kawaida.

Hatua ya 5: Kwanza sawa au tofauti, kisha jina

Kosa la walimu wengi, na nimelifanya mwenyewe kwa miaka, ni kuanza kwa kuuliza "umesikia neno gani?" Swali hilo linaita makapu kabla sikio halijafanya kazi yake. Anza na swali dogo zaidi.

Cheza maneno mawili yakifuatana: mara yawe neno moja lililorekodiwa mara mbili, mara yawe jozi. Kazi yako ni kusema "sawa" au "tofauti" tu. Usicheze rekodi ileile mara mbili, kwa maana utakuwa unatambua rekodi, si irabu. Nafasi kati ya maneno iwe fupi, chini ya nusu sekunde, kwa sababu kumbukumbu ya sauti yenyewe hufifia upesi na ikishafifia kinachobaki ni jina la kapu. Ukizoea, refusha nafasi hiyo hadi sekunde moja, kisha mbili. Siku utakayopata majibu kwa nafasi ndefu, ujue akili imeanza kutengeneza kapu jipya.

Mpangilio nao una uzito. Linda Polka na Ocke-Schwen Bohn wameonyesha kwa watoto wachanga kwamba badiliko husikika vizuri zaidi irabu inapotoka katikati ya kinywa kwenda ukingoni, mfano kuelekea i, a au u iliyokomaa, kuliko inaporudi. Basi kila jozi icheze pande zote mbili, na uandike makosa ya kila upande kwenye safu yake. Ukikosea upande mmoja tu, huo ndio wa kufanyia mazoezi ya ziada.

Baada ya siku nne tano za "sawa au tofauti", ingia kwenye kutaja. Neno moja linachezwa, wewe unachagua kati ya mawili, na jibu sahihi unaambiwa papo hapo. Ukikosea, sikiliza neno ulilokosea na mwenzake, kila moja mara mbili, kabla ya kusonga. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Sikio lililochoka hurudi kwenye makapu ya zamani.

Hatua ya 6: Urefu utakudanganya

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanafunzi wa Kiingereza akiambiwa atenganishe "bit" na "beat", haraka sana atagundua kwamba ya pili ni ndefu. Atashangilia, atapata alama nzuri, na hatakuwa amejifunza kitu. Bohn, yule niliyemtaja, alieleza tabia hii: pale lugha ya kwanza isipomfundisha mtu kutofautisha umbo la irabu, hukimbilia urefu, hata kama lugha yake ya kwanza haitumii urefu. Kwa msemaji wa Kiswahili kishawishi ni kikubwa, maana tunaona paa na kaa, tukadhani tunaujua urefu. Hizo zetu ni silabi mbili zilizofuatana.

Kiingereza hurefusha irabu kabla ya konsonanti ghuna, yaani inayotetemesha koo, kama d, na huifupisha kabla ya sighuna, isiyolitetemesha, kama t. Matokeo yake, irabu "fupi" ya "bid" inaweza kuwa na urefu uleule wa irabu "ndefu" ya "beat". Anayepima kwa saa atachanganyikiwa hapo hapo. Kwa hiyo katika mazoezi yako tia makusudi "bid" na "beat" pamoja, na umwombe msemaji akuvutie "bit" iwe ndefu kupita kiasi na aikate "beat" iwe fupi. Ukiendelea kuzitambua, sikio limeshika umbo. Ukianguka, rudi kwenye mnong'ono wa hatua ya 2.

Lugha nyingine hutumia urefu kweli. Katika Kiganda okusiba ni kufunga kwa kamba na okusiiba ni kufunga saumu, na irabu yenyewe ni ileile. Huko urefu ndio somo. Ni lazima uijue lugha yako ya kujifunza inadai nini.

Hatua ya 7: Badilisha wasemaji

Ukishapata majibu mengi kwa msemaji mmoja, usijipongeze bado. Umemjua yeye. Vipimo vya Peterson na Barney vilionyesha jambo lililowasumbua wengi: irabu ya mtu huyu na irabu tofauti ya mtu yule zinaweza kuwa na formanti zinazokaribia kulingana. Koo la mtoto ni fupi, milio yake yote iko juu. Msikilizaji hufanya hesabu ya haraka: kwanza anamjua msemaji, ndipo anaijua irabu.

Peter Ladefoged na Donald Broadbent walilidhihirisha hilo mwaka 1957. Walicheza neno lilelile lililotengenezwa kwa mashine, wakabadilisha formanti za sentensi iliyolitangulia, na wasikilizaji wakasikia neno jingine. Neno halikuguswa.

Basi kusanya sauti za watu watano au sita: wanawake, wanaume, na mtoto ikiwezekana. Mwanzoni cheza sentensi moja ya kila msemaji kabla ya maneno yake, sikio limzoee. Baadaye ondoa sentensi na uchanganye wote ovyo. Alama zitashuka siku hiyo, ziache zishuke. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni waliwafundisha Wajapani kutenganisha r na l za Kiingereza kwa maneno mengi yaliyosemwa na watu mbalimbali, na njia hiyo ya sauti nyingi imetumika sana tangu hapo, irabu zikiwemo. Jihadhari na nyimbo tu: sauti ya kike ikipanda juu sana, hupita formanti ya kwanza na irabu hufanana hata kwa wenyewe.

Hatua ya 8: Jipime bila kujihurumia

Mwombe mtu aandae maneno 40 kutoka kwa wasemaji ambao hujawahi kuwasikia, nusu ya kila irabu, yakiwa yamechanganywa. Unasikia mara moja, unachagua, unaandika. Hakuna kurudia, hakuna jibu mpaka mwisho.

Kubahatisha kutupu kutakupa 20 au karibu na hapo. Kufikia 27 kwa bahati hutokea mara mbili hivi katika mia, kwa hiyo chini ya hapo usidai umesikia kitu. Mimi huhesabu kapu jipya limeanza kusimama kuanzia 34. Tazama pia makosa yako yameegemea wapi: mwenye 28 ambaye karibu kila kosa lake ni "babu" aliyeitwa "bibi" ana shida ya mpaka uliokaa pabaya, na dawa yake ni mteremko wa hatua ya 3, ulio kati ya irabu hizo mbili hasa. Mwenye 28 ambaye makosa yake yametawanyika arudi hatua ya 5.

Anayetaka kuona kwa macho atumie Praat, programu isiyolipiwa ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Fungua rekodi, washa formanti, na usome tarakimu katikati ya irabu, si kingoni ambako konsonanti zinaivuta. Kikomo cha formanti kiweke hezi 5000 kwa mwanamume na 5500 kwa mwanamke, vinginevyo programu itakupa tarakimu za uongo. Pima neno ulilokosea pamoja na lile ulilolidhania, yote ya msemaji mmoja.

Acha wiki mbili bila mazoezi, kisha rudia jaribio kwa maneno mapya. Alama zikibaki 34 au zaidi, fungua daftari kwenye ukurasa wa hatua ya 1 na uchague jozi inayofuata.